Darasa langu liko kando ya bahari: nitokeje na wanafunzi bila gari wala bajeti?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika sekondari ya kata wilayani Pangani. Kidato cha pili nina wanafunzi 74 katika mkondo mmoja. Kila mwaka nafundisha mwezi, maji kujaa na kupwa, mito na pwani kwa kuchora ubaoni, na bahari iko pale chini, tunaisikia. Nataka kutoka nao, ila shule haina gari, wazazi nikiwaomba mchango nitasemwa, na mkuu wa shule anasisitiza nimalize mada kwanza. Nianzie wapi? Na je, si nitakuwa nimewapunja muda wa kujiandaa na mtihani?

JIBU: Mwalimu, nianze na hilo la mwisho, maana ndilo zito. Ndiyo, utatumia muda. Anayekwambia kwamba masomo ya nje hayali muda hajawahi kuyaendesha. Kwa hiyo usimwendee mkuu wa shule na maneno matamu ya "kujifunza kwa vitendo" halafu ukaomba kila Ijumaa. Mwendee na ombi la Jumamosi mbili katika muhula mmoja, na karatasi moja inayoonyesha mada tatu au nne za muhtasari zitakazoguswa na kazi hiyo hiyo moja: mwezi na jua, mito na pwani, kukusanya takwimu, kuchora grafu. Mkuu wa shule anayeulizwa na afisa elimu kuhusu ufaulu anahitaji kitu cha kushika mkononi. Mpe.

Kuhusu gari, shukuru kwamba huna. Safari ya basi kwenda Dar es Salaam au hifadhini ndiyo inayokuja kwanza kichwani tukisema "nje ya darasa", na kwa uzoefu wangu ndiyo inayofundisha kidogo kuliko zote. Wanafunzi wanaamka usiku, wanaona mambo ishirini kwa siku moja, wanarudi wamechoka, na wiki inayofuata hakuna anayeuliza chochote. Sikatai kwamba inafurahisha, na mtoto ambaye hajawahi kutoka wilayani kwake anastahili kutoka. Lakini hiyo ni matembezi. Kinachopanua somo ni swali moja ambalo kitabu hakiwezi kulijibu, mahali panapoweza kulijibu, na muda wa kutosha wa kurudi pale pale mara ya pili.

Wewe unalo swali hilo tayari. Kitabu kinasema maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku kwa sababu ya mvuto wa mwezi na jua. Hakisemi yanajaa saa ngapi hapo Pangani, yanapanda kiasi gani, wala kwa nini wiki hii yamefika karibu na minazi na wiki ijayo yataishia mbali. Mtoto wa mvuvi anajua nusu ya majibu hayo na hajui kwamba anayajua.

Fanya hivi. Tafuta kamba nyembamba isiyovutika, uifunge fundo kila baada ya sentimita 10, yenye urefu wa mita 6 hivi. Mwishoni funga chupa ndogo ya plastiki yenye mchanga kiasi, ili iwe nzito ya kunyoosha kamba lakini iendelee kuelea. Simameni ukingoni mwa gati au ukuta wowote imara ambao maji hayaukimbii hata yakipwa. Teremsheni kamba mpaka chupa iguse maji, msome umbali kutoka ukingoni hadi usoni mwa maji. Mwandike saa na namba. Baada ya nusu saa, tena. Mkianza saa 12 asubuhi na kumaliza saa 12 jioni mtakuwa na vipimo 25.

Utaona wanafunzi wakichanganyikiwa, kwa sababu maji yakipanda namba inapungua. Usiharakishe kuwaeleza. Waache wabishane pale pale gatini mpaka mmoja aseme kwamba tunapima nafasi iliyobaki, si kina. Kubadilisha vipimo hivyo viwe urefu wa maji ni hisabati ya kutoa tu, lakini mwanafunzi aliyeifikia mwenyewe hatasahau kwamba grafu huanzia mahali mtu alipochagua kuanzia.

Wanafunzi 74 hawawezi kusimama gatini pamoja, wala haifai. Gawa makundi sita ya watu kumi na wawili au kumi na watatu, kila kundi saa mbili. Hapa kuna jambo ambalo walimu wengi hulisahau: Jumamosi asubuhi wasichana wako wanafua, wanateka maji, wanamsaidia mama sokoni. Ukipanga zamu bila kuwauliza, utakuta makundi ya asubuhi yana wavulana watupu. Waulize kwanza saa gani kila mmoja anaweza kutoka nyumbani, ndipo upange.

Chagua Jumamosi ya kwanza iwe siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa sana na kupwa sana. Ya pili iwe juma moja baadaye, wakati wa maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu. Sababu ya kuchagua hivyo itajionyesha kwenye karatasi. Katika pwani yetu bamvua hujaa mnamo saa 10, alfajiri na tena alasiri, kwa hiyo siku ya kwanza grafu itashuka asubuhi, itagusa chini mnamo saa 4, kisha itapanda mpaka alasiri, kwa tofauti inayoweza kuzidi mita 3. Juma moja baadaye mchoro utakuwa umepinduka: maji yanajaa asubuhi, yanapwa alasiri, na tofauti kati ya juu na chini imekuwa ndogo sana. Bandikeni grafu mbili ukutani, moja juu ya nyingine, kwa vipimo vile vile vya mhimili. Halafu uliza: nini kimebadilika angani katika siku saba? Hapo ndipo ule mchoro wako wa ubaoni wa jua, dunia na mwezi unapopata kazi. Jua na mwezi zikiwa kwenye mstari mmoja na dunia, mivuto yake inajumlishwa. Mwezi ukiwa nusu, zinavutana kila mmoja upande wake. Umelifundisha hili miaka yote. Safari hii watakuwa wamekuja na swali kabla ya jibu.

Mwanafunzi makini atagundua jambo jingine. Kati ya kujaa kumoja na kujaa kunakofuata si saa 12 kamili bali kama saa 12 na dakika 25, na kila siku maji huchelewa takriban dakika 50. Mwezi nao huchelewa kuchomoza kwa kiasi hicho hicho, kwa wastani. Asipogundua, usimtafunie. Wape zoezi: ikiwa leo yamejaa saa 10 alasiri, keshokutwa yatajaa saa ngapi? Nendeni mkaangalie. Kisha linganisheni na jedwali la maji la bandari ya Tanga. Lenu litatofautiana nalo kidogo, na sababu mnayo mbele ya macho ikiwa mnapimia mtoni: mto una maji yake yanayoshuka, bahari ina yake yanayopanda.

Usalama, kwa kifupi. Hakuna anayeingia majini, hata kidogo, hata anayejua kuogelea. Mlangoni mwa Mto Pangani mkondo una nguvu, na ukipanda juu kidogo kuna mamba. Ruhusa ya mzazi iwe kwa maandishi, mwalimu mwingine awepo muda wote, na umjulishe mwenyekiti wa mtaa pamoja na viongozi wa wavuvi kabla ya siku yenyewe. Watakusaidia kuliko unavyodhani.

Nao wavuvi ni walimu wako wa pili. Usimlete mzee shuleni ukamsimamisha mbele ya watoto 74 ukamwambia "tueleze kuhusu bahari". Atatoa nasaha, atawaambia wasome kwa bidii, atakaa. Peleka wanafunzi watano kwake, pale anaposhona nyavu, wakiwa wamemwamkia vizuri na wana maswali waliyoyaandika: Unajuaje kesho utatoka saa ngapi? Mwezi ukiwa na siku saba unavua wapi? Upepo wa kusi ukianza unabadilisha nini? Mzee atawahesabia siku za mwezi mmoja mmoja. Kuna mambo atakayosema ambayo hayapatani na kitabu. Usimsahihishe mbele ya watoto, wala usiwaambie kwamba kila asemalo mzee ni sahihi kwa kuwa ni mzee. Yaandikeni kama alivyosema, kisha grafu iseme. Mara nyingi hesabu yake ya siku inakaa sawasawa na vipimo, ila maelezo ya sababu ndiyo hutofautiana.

Mahojiano hayo yatakuwa ya Kiswahili, na mtihani wenu ni wa Kiingereza. Watoto wengi hawakosi ujuzi, wanakosa sentensi ya kuuwekea. Kwa hiyo ripoti iandikwe kwanza kwa Kiswahili, wakubaliane kimantiki, kisha kundi liiandike upya kwa Kiingereza cha mtihani kwa msaada wako na wa mwalimu wa lugha. Hatua hii ya pili ichukue kipindi kizima cha darasani. Ukiiruka, mkuu wa shule atakuwa sahihi kusema kwamba mlikwenda kutembea.

Sasa, mkishazoea kamba, kuna swali kubwa zaidi linalowangoja hapo hapo. Mto Pangani unaanzia kwenye maji ya Kilimanjaro na Meru. Mito ya Kikuletwa na Ruvu inakutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha maji yanateremka yakipita kwenye mashamba ya umwagiliaji na mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, mpaka kwenu, safari ya kilomita 500 hivi. Kila anayechota huko juu anapunguza kinachofika mlangoni. Mto ukipungua nguvu, maji ya chumvi hupanda ndani zaidi, na wakulima wa kandokando ya mto huko kwenu wamelalamika juu ya chumvi kwa miaka mingi. Wanafunzi wanaweza kuipima. Lita moja ya maji ya bahari, ukiichemsha yakauke yote, huacha takriban gramu 35 za chumvi. Mizani ya maabara ya kemia inatosha. Chukueni lita moja wakati maji yamejaa na nyingine yakiwa yamepwa, kutoka sehemu tatu za mto zinazofikika kwa usalama, ndoo ikiteremshwa kwa kamba. Au tumieni njia ya haraka: mrija wa soda ulioziba chini kwa udongo wa mfinyanzi, wenye alama pembeni. Kwenye maji ya chumvi utaelea juu zaidi kuliko kwenye maji ya bomba. Si kipimo cha kisayansi cha hali ya juu, lakini kinatosha kuonyesha chumvi inafika wapi na saa ngapi. Somo la mto wa Rhine au Mississippi, ambalo vitabu vingi vya zamani vililipenda, halimpi mtoto nafasi ya kufanya hivi.

Unapofungua mlango wa namna hii yatakuja maswali usiyoyajua. Hapa naomba ukumbuke mkoa wako mwenyewe. Mwaka 1963, Magamba Sekondari huko Lushoto, mwanafunzi wa kidato cha tatu Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, kuyaacha yapoe, ndipo yaingie kwenye friji. Nafasi ilikuwa chache, akahofia kuikosa, akayaingiza yakiwa ya moto. Yake yaliganda mapema kuliko ya mwenzake aliyeingiza maziwa ambayo hayakuchemshwa. Akamuuliza mwalimu wa fizikia, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza mwalimu mwingine, naye akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya watu wote. Wenzake wakaigeuza utani. Alipofika Dk. Denis Osborne kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuzungumza na wanafunzi, Mpemba akasimama akauliza tena. Wenzake wakacheka. Osborne hakucheka, wala hakusema ni kweli. Alirudi Dar es Salaam akaagiza jaribio lifanywe. Fundi wa maabara akaripoti kwamba maji ya moto yameganda kwanza, na kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja, na hadi leo wanafizikia wanabishana kama jambo hilo hutokea kweli, katika hali zipi na kwa nini.

Sikusimulii haya ili utafute Mpemba mwingine kati ya wale 74. Nataka uangalie alichofanya Osborne, maana ni kitu chepesi kuigwa. Swali geni lilipata mahali pa kukaa hadi lijaribiwe. Weka daftari kubwa la maswali mezani, kila swali na tarehe na jina la aliyeuliza. Unayoyajua usiyajibu siku hiyo hiyo. Usiyoyajua yaandike kwa mkono wako mwenyewe, waone. Kila mwezi darasa lichague moja la kujaribu. Nimeona madarasa ambayo daftari la namna hii lilifanya kazi kubwa kuliko klabu yenye bendera na wimbo.

Nikitaja klabu: za Malihai, za uhifadhi wa wanyamapori, zipo tangu 1980, na Roots & Shoots ilianza Dar es Salaam mwaka 1991 Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, akiwa na wanafunzi 12. Kama shule yako inayo mojawapo, itumie, kwa sababu ina ratiba inayotambulika na mlezi. Kama haipo, usianze kwa kuanzisha klabu. Utamaliza muhula kwenye uchaguzi wa mwenyekiti na mweka hazina.

Kuna mambo mawili ya kuyakwepa. La kwanza tunalijua sisi Watanzania kuliko wengine. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo, wanafunzi washiriki kupanga, waone faida na hasara. Shule nyingi zilibaki na jembe, zikaacha kupanga na kuhesabu. Mwanafunzi alilima bila kujua mbolea imegharimu kiasi gani wala mavuno yamekwenda wapi, na mahali pengine maji aliyoteka yaliishia jikoni kwa mwalimu. Ndiyo maana mzazi wako akisikia "kazi za nje" anakunja uso. Ana haki. Kazi yoyote ambayo mwanafunzi hapimi kitu, haandiki kitu na haamui kitu, ni kibarua.

La pili ni la majirani zetu. Kenya ilipoleta mtaala wa umilisi mwaka 2017, nia ilikuwa nzuri: mtoto atende, mzazi ashiriki, jamii iingie shuleni. Lakini kazi nyingi za nyumbani zikamtaka mzazi akachapishe picha kwa pesa, anunue manila na rangi, na wazazi wakalalamika hadharani. Kipimo changu ni hiki: kama mtoto wa mama anayeuza maandazi hawezi kuifanya kazi bila mama kutoa hata shilingi, ibadilishe kazi. Kamba, chupa, daftari na penseli ndivyo ulivyo navyo, na vinatosha. Twisheni ya jioni usiihesabu kabisa katika jambo hili. Hiyo ni darasa lile lile likiendelea kwa taa.

Kama una mwenzako wa Historia, mshirikishe muhula unaofuata. Boma la Wajerumani liko mjini, na Bushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani, alinyongwa hapo hapo Pangani mwezi Desemba 1889. Wanafunzi wakiwauliza wakazi wa mji wa kale nini kinasimuliwa majumbani kuhusu vita vile, kisha wakalinganisha na kitabu, watapata ubishi wa wiki nzima. Ila msifanye yote mawili katika muhula mmoja.

Na tathmini? Usitoe maksi kwa ubora wa grafu peke yake, maana mchoraji mzuri mmoja atalibeba kundi zima. Siku ya mwisho mpe kila mwanafunzi grafu ya Jumamosi mojawapo, muulize maswali matatu kuhusu saa ambayo kundi lake halikuwa zamu: maji yalikuwa wapi, tuseme saa 5, yalikuwa yanaelekea wapi, na mwezi ulikuwaje usiku ule. Hapo utajua nani alikuwa gatini kwa mwili tu. Maksi hizo ziingize kwenye kazi mradi za darasa lako, ili hata wale wanaouliza "hii inakuja kwenye mtihani?" wapate jibu.

Ripoti zikikamilika toeni nakala tatu. Moja iende kwa wale wavuvi, isomwe kwa Kiswahili na wanafunzi wenyewe, nao wapewe nafasi ya kukosoa. Moja ibaki ofisini kwa mkuu wa shule. Ya tatu iwekwe maktaba, au kabatini kwako kama maktaba haipo, pamoja na ile kamba na maelezo kamili ya mahali mliposimama gatini. Kidato cha pili cha mwakani wapimie pale pale, kwa mwezi wa umri ule ule. Hasa vipimo vya chumvi: mwaka mmoja hausemi kitu kuhusu mto, ila mitano mfululizo ni takwimu ambazo hata ofisi ya maji ya bonde la Pangani itataka kuziona.